Kimalay cha safari: anza na Makcik

Asalaam aleikum jamani, karibuni. Naona wengi humu mnaenda Malaysia, wengine kusoma wengine biashara, mimi nilikaa Gombak pale pembeni ya Kuala Lumpur miaka minne na leo nawapa yale ambayo sikuambiwa na mtu kabla sijapanda ndege.

Lugha msiiogope, maneno kibao mnayo tayari. Dunia ni dunia, bendera ni bendera, sabun ni sabuni, meja ni meza, waktu ni wakati, na mtu akikuuliza apa khabar basi hiyo khabar ndo habari yetu hii hii, jibu khabar baik. Asubuhi selamat pagi, usiku selamat malam. Kushukuru ni terima kasih, watakujibu sama-sama. Ile c yao isome ch.

Ila yapo ya kukupoteza. Kuku kwao ni kucha, kuku wa kula ni ayam. Dada ni kifua. Na hili mlishike, kakak ni dada mkubwa, kaka ni abang. Nalisisitiza maana kule mtu humuiti hivi hivi, mama mtu mzima ni makcik, mzee ni pakcik, kama huku kwetu tu.

Karibu na hosteli kulikuwa na mama anauza nasi lemak asubuhi, wali wa nazi kabisa huo, na sambal ya pilipili, dagaa wa kukaanga, karanga, yai. Wiki za mwanzo nanyoosha kidole, nalipa na mkono wowote uliopo tupu, naondoka, na yeye ananihudumia kimya. Siku moja mwenzangu wa chumbani, mtu wa Kelantan, jimbo la huko huko Malaysia, akanishika kile kidole akakikunja, akaniambia elekeza kwa dole gumba la kulia vingine vikunje, na hela toa kwa kulia huku kushoto umeshika kiwiko. Kesho yake nikafanya hivyo, nikasema makcik, apa khabar. Akaniangalia usoni akauliza, dah makan? Yaani umeshakula? Hiyo nayo ni salamu. Kuanzia hapo dagaa wangu wakawa wanaongezeka bila kuomba.

Mengine haraka haraka. Viatu mlangoni, hilo watu wa pwani mnalijua. Kichwa cha mtu usikiguse, hata cha mtoto. Wanaume, mwanamke asipotoa mkono na wewe usitoe, weka wako kifuani inama kidogo. Wazee wakikaa na wewe unapita mbele yao, inama, shusha mkono wa kulia, pita taratibu. Pilipili ikikushinda sema kurang pedas, yaani punguza ukali. Alafu saa, wao hawahesabu kama sisi, tujuh ni saba, lakini ukiambiwa pukul tujuh ni saa moja yetu, usije ukaachwa na basi.

Haya tujaribu wote kwa sauti, na nyie wa nyuma: terima kasih, makcik.