APOL1: Protini Inayoua Kimelea na Kuumiza Figo

ZUWENA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Leo tunazungumzia protini moja ya damu ya binadamu iitwayo APOL1. Maalim Haji, nakuomba uanzie kwa ng'ombe, kama ulivyonianzia mimi siku ile barazani.

HAJI: Wa alaykum salaam, Bi Zuwena. Mimi nimekulia Muyuni, hapa Unguja, karibu na msitu. Marehemu baba alikuwa na ng'ombe watatu, na mmoja wao, mwekundu, alishikwa na nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Akawa anakula vizuri lakini anakonda, malaika yamemsimama, mpaka mbavu zikahesabika. Sisi wanawe tuliokuwa tukimfungua kila alfajiri tuliumwa na mbung'o haohao, wala hatukuugua.

ZUWENA: Na sababu ni protini hiyo?

HAJI: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 2003 kundi la mtafiti Etienne Pays, huko Brussels, lilionyesha kwamba APOL1, ambayo husafiri damuni pamoja na ile kolesteroli tunayoiita nzuri, humezwa na kimelea Trypanosoma brucei brucei, mmoja wa wanaoleta nagana, kana kwamba ni chakula. Ikishafika ndani hutoboa tundu katika utando wake, chumvi na maji vikaingia, kimelea kikavimba na kufa. Binadamu tunayo, gorila wanayo na baadhi ya nyani, lakini ng'ombe hana. Vimelea wanaotuletea malale, yaani ugonjwa wa usingizi, ni wale waliopata hila ya kuikwepa.

ZUWENA: Niwakumbushe wasikilizaji kwamba mbung'o wa Unguja walimalizwa kufikia mwaka 1997, baada ya madume zaidi ya milioni 8, waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Mbung'o wameondoka, protini tumebaki nayo. Figo inaingiaje hapa?

HAJI: Mwaka 2010 Martin Pollak wa Boston na wenzake walitangaza kwamba jeni ya APOL1 ina maumbo mawili, G1 na G2, yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Maumbo hayo huweza kumuua hata kimelea wa malale ya Afrika Mashariki, na huenda ndiyo maana yalienea. Lakini aliyerithi kutoka kwa baba na kwa mama, akawa na nakala mbili, hatari yake ya kuharibikiwa na chujio za figo huongezeka sana. Miongoni mwa Wamarekani weusi, takriban asilimia 13 wana nakala hizo mbili. Wengi wao hawaugui maisha yao yote. Mara nyingi huhitajika jambo la pili la kuchochea, kama vile maambukizi ya VVU yasiyotibiwa.

ZUWENA: Basi mimi nilidhani tungepima tu kiasi cha APOL1 katika damu, tukajua nani yumo hatarini.

HAJI: Wengi walidhani hivyo, na mimi nikiwamo, lakini kiasi cha damuni hakitabiri ugonjwa. Ushahidi unaonipendeza zaidi umetoka kwenye upandikizaji: figo iliyotolewa na mtu mwenye nakala mbili huelekea kufa mapema hata ikiwekwa katika mwili wa mtu asiye nazo. Maana yake ni kwamba inayodhuru ni protini inayotengenezwa ndani ya figo yenyewe. Kwa hiyo jeni, ambayo hupimwa mara moja tu maishani, hutuambia nani wa kuangaliwa, na albumini, protini ya damu inayovuja figo ikiumia, ikionekana katika mkojo hutuambia kama madhara yameanza.

ZUWENA: Hicho cha mkojo nimekiona kwa macho yangu: kijiti chenye kipande cha manjano, kinachovywa katika kikombe, na kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini kimeshageuka kijani, ishara kwamba protini imo. Na dawa je?

HAJI: Ipo inayojaribiwa, inaxaplin ya kampuni ya Vertex, inayozuia tundu lile lisipitishe chumvi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba katika wagonjwa 13 waliozingatia dozi, protini katika mkojo ilipungua kwa wastani wa asilimia 47.6 baada ya wiki 13. Ni wagonjwa wachache, wala hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo mimi sishangilii bado.

ZUWENA: Lakini kuzuia protini ambayo Mungu ametupa kwa ulinzi, si kujitafutia balaa?

HAJI: Kuna mtu mmoja wa kijijini India ambaye hakuwa na APOL1 inayofanya kazi kabisa, na figo zake zilikuwa salama, hilo ndilo lililowatia moyo watafiti. Ila mtu huyohuyo aliambukizwa kimelea cha mifugo, Trypanosoma evansi, ambacho kwa kawaida hakimshiki binadamu, ikabidi atibiwe. Kwa hiyo mgonjwa wa Muyuni akipewa dawa hiyo leo sitakuwa na wasiwasi wa mbung'o, kwani hawapo. Lakini akiniaga kwamba anakwenda kukaa Tabora kwa jamaa zake wafugaji, nitamwambia amuulize daktari wake kwanza.