Kiingereza kigumu ndani ya ufafanuzi wa Biblia

Ndugu zangu, fungueni Luka 15, mfano wa mwana mpotevu. Kijana anadai urithi wake, anakwenda nchi ya mbali, anatapanya mali, njaa inamfikisha kwenye maganda ya nguruwe, kisha anarudi kwa baba. Mnaujua tangu utotoni.

Sasa someni ufafanuzi wa sura hiyo kwa Kiingereza. Mtakutana na squander, destitute, repentance, reconciliation. Ukiyakariri maneno haya kutoka kwenye orodha, kesho yamekutoka. Humu kila moja lina mahali pake. Squander ndicho alichoifanyia mali yake. Destitute ndiyo hali yake pale alipolisha nguruwe. Maana unayo tayari kwa Kiswahili, kilichobaki ni kuifahamu kwa sura yake ya Kiingereza. Tena mfafanuzi mzuri hasemi jambo mara moja akaliacha. Hulirudia kwa neno jingine, kisha jingine, na hapo ndipo unapoona tofauti ya neno na jirani yake.

Chukueni hilo jina lenyewe la mfano kwa Kiingereza, the prodigal son, na neno lake prodigal. Wengi hudhani ni aliyepotea, kwa kuwa sisi tunasema mwana mpotevu. La, ni mbadhirifu! Na katika aya zenyewe za King James, tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, neno hilo halimo. Utalipata kwa wafafanuzi.

Kwa hiyo nawasihi, msikimbilie kamusi. Kisia kwanza, andika ulichokisia pembeni, ndipo uhakikishe. Kisha fuatilia ukoo wa neno: reconcile, reconciliation, irreconcilable. Ukoo huo utaukuta kwa mhasibu anayelinganisha vitabu vya hesabu na kwa mwanadiplomasia anayepatanisha mataifa. Msamiati wa kanisani hauishii kanisani.

Mnauliza mwanze na nani. Matthew Henry ni hazina, nami nampenda sana. Alianza kuchapisha ufafanuzi wake mwanzoni mwa karne ya 18, akafariki 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume, na wachungaji wenzake wakamalizia. Lakini sentensi zake ni ndefu na Kiingereza chake kina umri wa miaka 300. Anzeni na William Barclay, Mskoti wa karne ya 20 aliyewaandikia watu wa kawaida, halafu mpande kwa Henry mkishapata nguvu.

Mkifika huko kwa wazee, kuweni macho. Katika King James, Wafilipi 1:27, conversation ni mwenendo, si mazungumzo. Katika 1 Wathesalonike 4:15, prevent ni kutangulia. Biblia yetu inasema wazi, "hatutawatangulia". Leo prevent ni kuzuia. Maneno ya namna hiyo yaandikeni kwenye ukurasa wake peke yake: ya kusomea, si ya kuandikia barua ya kazi.