Mwili Uliochorwa Upya na Mnyoo Aliyekumbuka

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Leo tumzungumzie Natasha Vita-More, mbunifu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1950. Mwaka 1983 aliandika Ilani ya Transhumanizimu, ile falsafa inayotaka binadamu atumie sayansi kuvuka mipaka ya mwili wake: uzee, maradhi, hata kifo.

Mwaka 1997 akachora mwili mzima, akauita Primo Posthuman. Ameuwasilisha kama bidhaa mpya inayoingia sokoni: ngozi inayobadili rangi na kujikinga na jua, uti wa mgongo unaopitisha mawasiliano kwa nyuzi za mwanga, viungo vya kubadilishwa vikichakaa. Wapo wanaouona upuuzi. Mimi siuoni hivyo. Seremala huchora kiti kabla ya kushika msumeno, na akishachora ndipo unaweza kumwambia, fundi, mguu huu hautabeba. Maneno matupu juu ya mwili ujao hayana pa kushikwa. Mchoro unashikika. Binafsi namuuliza: mwili huu utanunuliwa na nani, na asiye na uwezo abaki na upi?

Lakini lipo swali zito zaidi. Ukishabadilisha kila kiungo, wewe umebaki wapi, na kumbukumbu zako je?

Hapo ndipo namheshimu, kwa sababu alitoka kwenye karatasi akaingia maabara. Mwaka 2015, yeye na Daniel Barranco walichapisha utafiti juu ya C. elegans, mnyoo wa milimita moja hivi. Wanyoo walizoeshwa harufu ya benzaldehaidi, inayonukia kama lozi, wakiwa ndio kwanza wametoka kwenye yai. Kisha wakagandishwa, njia mojawapo ikiwa ile inayozuia maji ya mwilini yasifanye fuwele za barafu, maana fuwele ndizo zinazopasua seli. Wakayeyushwa, wakaachwa wakue, wakapimwa kwa harufu ileile.

Wakaifuata. Kumbukumbu ilikuwa imevuka barafu.

Nawaomba msinielewe vibaya: hakuna mtu aliyegandishwa akafufuka. Mnyoo yule ana seli za neva 302. Ubongo wangu na wako una takriban bilioni 86. Kati ya namba hizo mbili, kumbukumbu inakaa wapi hasa? Karibuni, tuanzie hapo maswali yenu.