Kumsoma Pronghoni kwa Darubini: Tazama Unene Kabla ya Urefu

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko Wyoming, Marekani, kwenye nyanda kavu za vichaka vya seji, na mnyama wetu ni pronghoni. Tunajifunza kukadiria pembe za dume kwa mbali, kabla ya kuwinda. Kaka Juma, wengi humwita swala.

JUMA: Si swala, dada. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi wa Kongo. Mwindaji lazima alijue hilo, maana pembe zake hazikui kama za swala granti. Ndani kuna mfupa wa kudumu, juu yake ala ngumu, na ala hiyo hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana. Kisha huota nyingine.

REHEMA: Kwa hiyo picha ya pembe za dume ya mwaka jana haina kazi.

JUMA: Inakuonyesha eneo la dume, basi. Majira ya baridi yakiwa makali na majani ya mwanzo wa mwaka yakawa haba, dume yuleyule hutoka na pembe dhaifu. Kila mwaka unaanza upya.

REHEMA: Haya, dume huyo yuko mita 400, kasimama. Baka jeusi la shavuni linaonekana, tuna hakika si jike. Tuanzie wapi?

JUMA: Kwenye unene. Watu hukimbilia urefu, na hapo ndipo wanapopotea. Boone and Crockett, klabu ya Marekani inayoweka rekodi za wanyama wakubwa wa kuwinda, hupima kila pembe urefu wake, urefu wa tawi la mbele, na mizingo minne, yaani vipimo vya kuizunguka pembe: mmoja shinani, na mitatu kwenye robo ya kwanza, ya pili na ya tatu ya pembe. Inchi zote za pande mbili hujumlishwa, halafu hutolewa tofauti ya kushoto na kulia. Upana kati ya pembe hauingii kwenye hesabu. Kitabu chao cha rekodi za kudumu kinataka pointi 82, na kila inchi ni pointi moja.

REHEMA: Tupigie mfano.

JUMA: Pembe ya inchi 15 na tawi la 5, hapo una 20. Mizingo iwe 6.5, 6.25, 4.25 na 3, hiyo nayo ni 20. Upande mmoja 40, pande mbili 80. Sasa chukua dume mrefu zaidi, inchi 16, tawi 3, mizingo 5.5, 5, 3 na 2.5. Upande mmoja unapata 35, jumla 70. Huyu mrefu kaachwa pointi 10.

REHEMA: Lakini kwa mita 400 inchi huzioni.

JUMA: Unapima kwa kichwa chake mwenyewe. Sikio ni kama inchi 6, kwa hiyo pembe ya 15 ni masikio mawili na nusu. Jicho likitazamwa ubavuni lina kama inchi 2, na shina la pembe linatakiwa lionekane pana kulizidi. Kisha tafuta tawi linapoanzia. Likichomoza juu ya ncha ya sikio, ni dalili njema sana, kwa sababu mzingo wa tatu unapimwa katikati ya pembe. Tawi likiwa juu, katikati hapo bado kuna unene. Likiwa chini, mzingo huo unaangukia sehemu nyembamba.

REHEMA: Na ncha zilizojikunja?

JUMA: Zinaficha urefu. Kipimo hufuata mkunjo, kwa hiyo dume wa ndoano nene anaweza kumpita yule wa pembe zilizonyooka kama mikuki, ingawa huyu ndiye anayevuta macho. Jihadhari pia na dume aliyesimama juu ya kilima: pembe nyeusi mbele ya anga huonekana kubwa kuliko zilivyo. Mngoje ashuke. Mtazame ubavuni upate tawi na shina, halafu mbele, ulinganishe pande mbili.

REHEMA: Upelelezi wenyewe tuufanyeje?

JUMA: Agosti, kaa mbali, kilomita moja au mbili, mahali palipoinuka, jua likiwa mgongoni. Huyu anategemea macho, na akikuona mapema anaondoka kwa kasi. Darubini ya mkono ya mara 10 ya kumtafutia, ile kubwa ya miguu mitatu ya kumpimia. Joto likipanda, hewa hucheza juu ya ardhi na pembe huonekana zinavimba. Hapo punguza ukuzaji kutoka 60 hadi 30, au acha kupima hadi jioni. Mchana kagua maji na nyua. Pronghoni hupendelea kupita chini ya waya, haruki ovyo, kwa hiyo manyoya kwenye waya wa chini na udongo uliochimbika vinakuonyesha njia yake.

REHEMA: Kufikia mwisho wa Septemba?

JUMA: Madume wanapigania majike. Mkague tena yule uliyemchagua Agosti, pembe zote mbili, maana tawi likivunjika unapoteza inchi zake, kisha unakatwa tena kwa tofauti ya pande.

REHEMA: Na kipimo rasmi?

JUMA: Baada ya kukauka siku 60. Ala husinyaa kidogo, kwa hiyo anayetafuta 82 asiridhike na dume anayemsoma 82 kamili porini. Atafute mwenye pointi moja au mbili za ziada.