Sura Moja Kila Usiku

Shikamooni wakubwa zangu. Wazazi wenzangu, poleni na kazi, na ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kuwasomea watoto wadogo vitabu virefu, vile vyenye sura. Wengi wetu tunaona mtoto wa miaka mitano kitabu chake ni cha picha: twiga hapa, mpira pale, basi. Lakini bibi zetu walitusimulia hadithi ya sungura na fisi usiku kucha bila picha hata moja. Wao waliita “Paukwa!”, sisi tukajibu “Pakawa!”, na picha tukazichora wenyewe kichwani. Mtoto ambaye bado anahangaika na “ba be bi bo bu” anaweza kufuata kisa cha wiki tatu, mradi kuna wa kumsomea.

Nyumbani kwangu tulianza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga yetu hii. Kilitoka mwaka 1952. Wanangu walikuwa na miaka mitano na minane. Kiswahili chake kizito, nikawa nabadilisha kila neno gumu, na kisa kikapoa. Nikaacha. Nikasoma kilivyoandikwa, na wao wakauliza walipotaka. Ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Yule mdogo akataka kujua hasidi ni mtu gani, na kesho yake asubuhi kaka yake alipochukua andazi kubwa, akamwita hasidi. Neno limeshaingia, wala sikulifundisha.

Pale inapogundulika kwamba Adili, mtu mpole, kila usiku anawachapa manyani wawili, nilifunga kitabu. Walilalamika! Baba yao kazi yake ni ya zamu na huchelewa kurudi. Usiku ule alipoingia walimsimulia kisa chote kitandani. Kesho yake aliwahi, akaketi mkekani nasi. Tangu hapo sura za zamu yake ya mapumziko anasoma yeye, na sauti ya mfalme anaiweza kuliko mimi.

Sura muipitie mchana, msije mkakwama mbele yao. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha. Mtoto akichora au akigaagaa, mwacheni, anasikia. Akilala, rudieni ukurasa kesho. Kitabu kisichowashika baada ya sura tatu kirudisheni maktaba, mchukue kingine.

Nirudi kwa wale manyani. Usiku ule mdogo alilia. Akasema, “Mama, wanaumia.” Nilitaka kuruka kurasa zile, na nadhani wazazi wengi wangeruka. Sikuruka. Tulikaa tukazungumza: je, mtu mwema anaweza kumpiga mwenzake? Mkubwa akasema labda amelazimishwa. Mdogo akakataa, aliyelazimishwa angekimbia. Tulibishana hadi saa nne usiku, watoto wa shule, na sijutii.

Siku mbili baadaye nilikuwa natwanga kisamvu, mdogo akanijia jikoni. Akaniuliza, “Mama, na wewe ukitupiga, nani anakulazimisha?”

Niliweka mchi chini. Sikuwa na jibu la haraka. Jioni ile, kabla ya kufungua sura iliyofuata, tulianza na swali lake, na baba yao naye alikuwapo.