Mradi Ukatwe kwa Kipimo cha Mwanafunzi

Ndugu walimu, takwimu leo sizirudii, mnazijua. Tangu Rachel Bernard na Emily Cooperdock waonyeshe mwaka 2018 kwamba uwakilishi wa jamii za wachache katika shahada za uzamivu za jiosayansi (sayansi ya dunia) hapa Marekani haukusogea kwa miaka 40, kila ombi la fedha linafunguliwa na aya hiyohiyo. Aya ya pili inasema: "Tutashirikiana na chuo cha jamii," yaani chuo cha miaka miwili ambako mwanafunzi huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu. Vipi? Hapo karatasi inanyamaza.

Ugomvi wangu ni uleule wa siku zote. Mradi wa utafiti wa wanafunzi unashonwa kwa kipimo cha mtu asiyekuwepo: wiki 10 za kiangazi, mbali na nyumbani, kutwa nzima maabara. Mwanafunzi wa chuo cha jamii jioni yuko kazini, ana mtoto au mzazi wa kumwangalia, na anasafiri kwa treni. Atakujibu "asante, mwalimu", na humwoni tena. Kisha ripoti inaandika kwamba mwitikio ulikuwa mdogo!

Chukueni kalamu tuhesabu. Muhula una wiki 15. Saa nne kwa wiki, vipande viwili vya saa mbili mbili, ni saa 60. Utafiti gani unaenea humo? Si ule wa mashine yenye foleni ya miezi mitatu. Mchanga unaenea.

Tazameni Denver. Kampasi ya Auraria ina taasisi tatu pamoja: chuo cha jamii na vyuo vikuu viwili, maktaba moja, na treni inafika mlangoni. Makutano ya kijito cha Cherry Creek na mto South Platte yako umbali wa kutembea kwa miguu. Swali: mchanga wa kijito unabadilishaje chembe za mto mkubwa chini ya makutano? Sampuli 12: nne kijitoni, nne juu ya makutano, nne chini yake. Ombeni ruhusa manispaa kwanza. Vaeni glavu, maana maji ya mjini yana vijidudu vya kinyesi, na mvua ya radi ikianguka juu huko, tokeni kingoni upesi.

Sampuli ilale kwenye tanuri ya maabara, nyuzi 105 za Selsiasi, usiku kucha. Kesho yake igawanywe: rundikeni, sawazisheni, kateni robo nne, chukueni mbili zinazotazamana, rudieni mpaka zibaki kama gramu 100. Msichote kwa kijiko! Chembe kubwa huporomokea pembeni mwa rundo, kijiko kinachota ndogo, na hapo mmeshajidanganya kabla hamjaanza. Pangeni chekeche kutoka juu: milimita 4, 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125, 0.063, na sinia chini ya kudakia tope. Mtikiso wa dakika 15. Pimeni kila tabaka, jumlisheni. Jumla ikipungua kwa zaidi ya asilimia moja, kuna kilichomwagika au kilichonasa, rudieni. Na chekeche ya 0.063 isafishwe kwa brashi laini. Anayeichokoa kwa pini anatoboa wavu, chembe kubwa zinapita, na wiki ijayo kijana anakuja na furaha kwamba amegundua tope jingi.

Sampuli moja ni kama saa moja ya kazi, na ikikatizwa haiharibiki. Mtoto akiugua wiki hii, mchanga unamsubiri mwanafunzi. Ndiyo maana naung'ang'ania.

Najua kuna atakayesema hili ni zoezi tu la darasani. Zoezi jibu lake analo mwalimu. Hapa jibu la msimu huu hana mtu mfukoni. Mwingine atasema hisabati yao haitoshi. Kipimo cha fai, ambacho wanajiolojia hupangia ukubwa wa chembe, ni logi ya kizio cha pili ya kipenyo kwa milimita, alama ikigeuzwa: 0.5 inakuwa 1, 0.25 inakuwa 2. Mtu mwenye sampuli 12 za kuchorea grafu ataijifunza logi kwa siku mbili, kwa sababu sasa ana haja nayo.

Haya, naona mwenyekiti anatazama saa, nami nimemaliza dakika zangu mchangani. Yaliyobaki nayapitia mbiombio.

Mwalimu wa chuo cha jamii kwa kawaida anafundisha krediti 15 kwa muhula, yaani madarasa matano. Bajeti imlipie apunguziwe darasa moja. Mkimwandika "mshirika" bila hilo, mmempa mzigo wa sita.

Mwanafunzi alipwe kila wiki mbili. Kumwambia anunue buti kwa pesa yake kisha arudishiwe baada ya miezi miwili ni kumfukuza kwa adabu. Na kabla ya malipo ya kwanza, ofisi ya misaada ya masomo iulizwe kama yatapunguza msaada wake.

Krediti: msiulize kama somo linapokelewa chuo kikuu, ulizeni linapokelewa kama nini. Likiingia kama somo la hiari tu, jiolojia ile ile ataisoma tena, kwa ada mpya. California wana tovuti ya ASSIST ya kulinganisha masomo; kwingineko, lipateni kwa maandishi.

Mlezi wa kila siku awe mwanafunzi wa uzamili mwenye saa zilizolipiwa. Profesa anayejibu barua pepe baada ya siku tisa hajalea mtu.

La mwisho, kwa sisi wa Kiswahili hasa. Vijana wetu wakimbizi kutoka Kongo wapo madarasani humo. Fedha za REU, mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa NSF (Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani), hulipa raia na wenye ukazi wa kudumu tu. Mkimbizi anaomba ukazi huo baada ya mwaka mmoja nchini, na majibu huchukua muda. Kwa hiyo fungu jingine la kumlipa litafutwe kabla ya kutangaza nafasi. Msije mkamchagua, mkampongeza, kisha mkamwandikia barua ya kuomba radhi.