Kabla Haijaruka: Kuikagua Ndege ya Modeli

DADA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Leo mezani tuna ndege ya modeli, zile zinazokuja sandukuni zikiwa nusu zimeshaundwa. Kaka, bawa limeshafunikwa, mota iko mahali pake. Kwa nini mtu asiende nayo uwanjani jioni hiyo hiyo?

KAKA: Kwa sababu hakuiunda yeye. Ndege uliyoijenga kwa mikono yako unajua kila kiungo ulivyokitia gundi. Hii hujui. Niliwahi kufungua moja, inang'aa kabisa, nikaishika eleveta, ile sehemu ya mkia inayopanda na kushuka, nikaivuta taratibu kwa vidole viwili. Bawaba ya kati ikachomoka yote. Kavu! Haikuwahi kuguswa na tone la gundi.

DADA: Mungu wangu. Na ungeirusha hivyo?

KAKA: Ikishika kasi tu, eleveta ingelegea na ndege isingenisikia tena. Tangu siku ile navuta kila bawaba, moja baada ya nyingine. Ikicheza, naitoa, natia gundi upya, nasubiri ikauke vizuri.

DADA: Mimi naanza na bawa. Nalishika usawa wa jicho na kulitazama kutoka nyuma, kama seremala anavyotazama ubao. Ncha moja ikiwa imejisokota, ndege itakuwa inalalia upande mmoja kila wakati. Kwa bawa la balsa, ule mti mwepesi sana, lililofunikwa plastiki, unalisokota kidogo kinyume, mwenzako anapitisha joto juu ya plastiki, unaendelea kulishikilia mpaka lipoe.

KAKA: Halafu mizani, na hapa naomba msikilizaji asiharakishe. Funga kila kitu, na betri iwe mahali pake. Inyanyue kwa ncha za vidole chini ya bawa. Kitabu cha maelekezo kitakuonyesha kitovu cha uzito, yaani mahali pa kuweka vidole ili ndege itulie usawa. Kwa bawa la kawaida lililonyooka, mara nyingi kiko kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wake, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20, basi ni sentimita 5 hadi 6 na nusu hivi.

DADA: Ikilalia mkia?

KAKA: Usiirushe. Iliyo nzito kidogo puani inaruka kwa uvivu, lakini inaongozeka. Iliyo nzito mkiani humshinda hata mzoefu. Sogeza betri mbele kwanza. Ikishindikana ndipo utie kipande cha madini ya risasi puani.

DADA: Tuje kwenye aileroni, zile sehemu za ukingo wa nyuma wa bawa zinazopanda na kushuka, maana hapa ndipo ndege nyingi mpya zinapofia.

KAKA: Ndiyo. Toa propela kwanza, mota isije ikakukata. Washa rimoti, kisha ndiyo uunge betri ya ndege. Simama nyuma ya ndege, sukuma fimbo ya rimoti kulia. Aileroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke.

DADA: Wengi hudhani ni kinyume chake.

KAKA: Kwa sababu wanafikiria bawa la kulia linatakiwa kushuka, na ni kweli linatakiwa. Aileroni ikipanda inapunguza nguvu ya kunyanyua upande huo, ndiyo maana bawa linashuka. Vuta fimbo nyuma, eleveta ipande. Mimi naitamka kwa sauti, "kulia, ya kulia juu," hata nikiwa peke yangu.

DADA: Propela ukiirudisha, maandishi yake yaangalie mbele. Ikiwa na ufa, itupe, usiigundishe. Betri ya lithiamu ya seli tatu ikijaa isome volti 12.6, ikiwa imevimba, iache.

KAKA: Uwanjani, weka rimoti kwenye hali ya kujaribu masafa, yaani umbali ambao mawimbi yake yanafika, mwenzako aishike ndege, nawe utembee hatua 30 au kadiri kitabu kinavyosema, huku ukichezesha fimbo. Eleveta au aileroni zikianza kutetemeka zenyewe ukiwa bado karibu, angalia antena ya risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti, ilivyolazwa.

DADA: Na upepo ukiwa mkali siku hiyo?

KAKA: Naifunga, narudi nayo nyumbani. Kesho asubuhi naanza tena na bawaba.